Kupatana Bei ni Dhuluma

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, bei hupanda kwa njia mbili, na hukumu zake si moja. Njia ya kwanza ni mvua kukosekana au jahazi kuchelewa, bidhaa ikapungua. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei. Alikataa, kwa kuchelea kukutana na Mola wake hali amemdhulumu mtu mali yake. Muuzaji asiye na hila naye ana haki.

Njia ya pili ni pale mikono ya watu inapoufunga mlango wa soko. Hapo Mtume alikataza waziwazi. Alikataza ihtikari, yaani kuficha chakula kungojea kipande bei. Alikataza kuwalaki wenye misafara njiani na kununua mali yao kabla hawajaijua bei ya sokoni. Alikataza najshi, yaani kuongeza bei ya kitu usichokusudia kukinunua, ili mwenzio ahadaike.

Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 Hijria (767), aliona hatari nyingine. Walikuwapo watu waliolipwa ujira kwa kugawa mali za ushirika. Yeye alikataza wagawaji hao kuungana, kwani watu wanawahitaji, na wakiungana ujira utapanda. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, akaitumia hoja hiyo kwa wauzaji wanaopatana bei.

Sheria za nchi zetu nazo zimelishika jambo hili. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inawakataza washindani kupatana bei, kupunguza bidhaa kwa makubaliano, kumsusia mtu kwa pamoja, au kula njama katika zabuni. Tume ya Ushindani huchunguza na kutoza faini. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka 2010.

Lakini mapatano haya mara nyingi hayaandikwi. Hufanywa barazani, penye kahawa: "Sote tuuze hivi, asishuke mtu." Bei kufanana peke yake si dhambi, wala tusimsingizie mtu. Dhambi ni ile ahadi ya siri. Mama atakwenda duka la kwanza, la pili na la tatu, asipate pa kukimbilia. Atapunguza kibaba kimoja katika futari ya wanawe, na kibaba hicho kitaulizwa Siku ya Hisabu, hata kama mkaguzi hakukiona.

Basi ewe mfanyabiashara, ukiitwa katika kikao kama hicho, inuka uondoke. Faida ya halali haikukatazwa, na riziki yako haimo mikononi mwa wenzio.

Ewe Mola, zitakase chumo zetu, na utuepushe na kula mali ya watu kwa batili. Amin.