Je, Wajua? Jeni ya MTHFR na Vitamini ya Mchicha

• Kila binadamu ana jeni iitwayo MTHFR. Iko kwenye kromosomu namba 1, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kwa mama.

• Jeni hii hutengeneza kimeng'enya kinachoiandaa foleti, yaani vitamini B9. Foleti ikishaandaliwa, hushirikiana na vitamini B12 kuigeuza asidi amino iitwayo homosisteini kuwa nyingine, methionini.

• Methionini huupatia mwili vikundi vya methili, alama za kikemikali zinazobandikwa kwenye DNA na kusaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi itulie.

• Homosisteini iligunduliwa mwaka 1932 katika maabara ya Mmarekani Vincent du Vigneaud. Mwaka 1955 alitunukiwa Nobel ya Kemia.

• Mwaka 1995, watafiti wa Montreal, Kanada, walieleza badiliko la herufi moja tu ya jeni hii: kwenye nafasi ya 677, C imekuwa T. Mwenye T kwenye nakala zote mbili, kimeng'enya chake hubaki na takriban asilimia 30 ya nguvu. Wapo wengi Mexico na Italia. Afrika kusini mwa Sahara ni nadra.

• Hata mwenye jeni timamu, akikosa foleti, anaweza kujifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Tatizo hili hutokea mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo usipofunga vizuri. Mrija huo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kuwa ni wajawazito.

• Utafiti ulioongozwa na Waingereza, uliotolewa mwaka 1991, ulihusu wanawake waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hilo. Waliotumia asidi ya foliki, yaani foleti ya vidonge, tangu kabla ya mimba walipunguziwa hatari ya kurudiwa nalo kwa asilimia 72.

• Foleti imo kwenye mchicha, maharage, kunde na maini. Huyeyuka majini na huharibiwa na moto. Ukichemsha mchicha muda mrefu kisha ukamwaga maji yake, umemwaga na vitamini.

• Wenye T mbili nao hunufaika na asidi ya foliki ya kawaida.

Dada unayepanga kupata mtoto, usisubiri kliniki ya kwanza. Anza sasa mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku. Kama umewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, muone daktari kwanza, kwani dozi yako ni kubwa zaidi.