Mvua ikinyesha, zima sigara kabla ya kupanda

Asubuhi ya mvua, matatu ikijaa pale Konyo Konyo mjini Juba, abiria hufunga vioo vyote. Hapo ndipo mvuta sigara anapogeuka kero. Moshi hauna pa kutokea, na mtoto aliyepakatwa huuvuta bila hiari yake. Kufungua kioo nusu si dawa: mvua inaingia, unga wa mfanyabiashara unalowa, na moshi unabaki.

Wanaokwenda Nimule, kilomita 192 kutoka Juba, wanajua kwamba wakivuka mpaka na kuingia Elegu mambo ni mengine. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kuvuta sigara katika usafiri wa umma; Kenya ilitangulia mwaka 2007. Wengi waliorejea kutoka nchi hizo wameuzoea utaratibu huo.

Basi tusingoje kuvuka mpaka ndipo tuwe waungwana. Mvutaji amalize sigara yake chini, mbali na mlango, au asubiri gari lisimame. Anayekerwa naye asigombe, aseme mapema, "Ndugu yangu, tafadhali izime, tuna mtoto hapa." Kondakta amuunge mkono. Nauli tumelipa sote, na hewa ni ya wote.