Lubiri ya Mengo: Kasri la Kabaka na Kumbukumbu ya Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotajiwa ziara ya kihistoria, aghalabu mawazo yake humpeleka Pwani: Gede, Ngome ya Yesu, Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja. Ni nadra kumsikia anayefunga safari kuelekea machweo, akavuka mpaka Busia au Malaba na kupanda kilima cha Mengo jijini Kampala, iliko Lubiri, yaani kasri la Kabaka wa Buganda. Hali hii ni ya kusikitisha, kwani maswali mengi yanayoulizwa madarasani kuhusu hatima ya Kiswahili nchini Uganda yana sehemu ya majibu yake juu ya kilima hicho.

Neno Mengo katika Luganda lahusiana na mawe ya kusagia nafaka. Kabaka Mwanga II ndiye aliyehamishia makao yake hapo mwaka 1885. Ikumbukwe kwamba katika Buganda ya kale ilikuwa ada Kabaka kujichagulia kilima chake, naye akifa, makao yake huweza kugeuzwa kaburi. Ndivyo lilivyofanywa kasri la babake, Mutesa I, lililojengwa Kasubi mwaka 1882. Kwa hiyo mgeni anayesimama Mengo na kutazama vilima vya jirani ni kama anayesoma orodha ya tawala. Dini nazo zilijitwalia vilima vyao: Waanglikana Namirembe, Wakatoliki Rubaga, Waislamu Kibuli.

Njia bora ya kufika ni kuanzia Bulange, jengo la baraza la ufalme lililojengwa katika miaka ya 1950, na kuifuata kwa miguu barabara iliyonyooka kuelekea kwenye kasri. Barabara hiyo huitwa Kabaka Anjagala, maana yake “Kabaka ananipenda”. Mwanaisimu atatua hapo kidogo. Mzizi ni -yagala, “penda”. Kiambishi cha mtendwa nafsi ya kwanza ni n-, nacho kikikutana na y huzaa nj. Ni tabia ile ile ya nazali inayoufanya wingi wa ulimi uwe ndimi katika Kiswahili. Kando ya barabara zimesimamishwa sanamu za miiko ya koo za Waganda, wengi wao wakiwa wanyama, na katikati ya safari kuna mzunguko wa magari ambao kila mtu hulazimika kuuzunguka isipokuwa Kabaka. Yeye ana njia yake inayopasua katikati moja kwa moja.

Lango kuu huitwa Wankaaki. Karibu nalo huwaka moto wa kifalme ambao, kwa mujibu wa mila, hauzimwi maadamu Kabaka yu hai. Hivyo basi Mganda hasemi kwamba Kabaka amekufa. Husema moto umezimika. Walimu wanaotafuta mifano ya tafsida nje ya ile iliyozoeleka vitabuni wangefaidika na huu, kwa sababu hapa tafsida si pambo la usemi tu. Moto wenyewe upo, na huzimwa kweli.

Jengo la kasri, Twekobe, liko ndani ya ua, jeupe na lenye mnara mdogo. Watalii hulitazama kwa nje tu. Kabaka wa sasa, Ronald Muwenda Mutebi II, aliyetawazwa mwaka 1993, hana makao yake ya kila siku hapo. Mgeni aliyetarajia vyumba vya enzi na mazulia atarudi mikono mitupu. Anachoonyeshwa kiko nyuma ya kasri, chini ya mteremko, nacho hakina fahari yoyote.

Kabla ya kuteremka huko yafaa kurejea nyuma, maana Kiswahili kilifika katika baraza la Kabaka muda mrefu kabla ya ua wa Mengo kujengwa. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walianza kufika Buganda katikati ya karne ya 19, enzi ya Suuna II. Mutesa I alijifunza Kiswahili, na Stanley alipomzuru mwaka 1875 ndiyo lugha waliyozungumza. Mmoja wa wafuasi wa Stanley, Dallington Scopion Muftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari wa Unguja, aliachwa kwa Mutesa awe msomaji na mwandishi wake. Wamisionari waliofuata walianza kufundisha kwa maandiko ya Kiswahili kabla ya Luganda kupata tafsiri zake. Athari ya wakati huo ingali katika vinywa vya Waganda wasemapo ekitabo, emmeeza na ssabbuuni. Lugha ilipokelewa kama elimu na bidhaa, na kwa ombi la mwenyeji mwenyewe.

Ukoloni ulibadilisha sura hiyo. Mkataba wa mwaka 1900 ulitiwa saini Mengo huku Kabaka Daudi Chwa II akiwa mtoto mdogo, watawala wa muda wakimwakilisha. Kiswahili nacho kikazidi kuwa lugha ya askari. Gavana Gowers alipotaka, mwishoni mwa miaka ya 1920, kipewe nafasi kubwa shuleni na serikalini, Daudi Chwa, sasa mtu mzima, alipinga hadharani. Hoja yake haikuwa chuki dhidi ya msamiati. Waganda waliogopa kuunganishwa na Kenya, nchi ya masetla, na waliona kwamba Luganda ikiondolewa, hadhi ya ufalme ingeondoka nayo. Mtu anaweza kutoafikiana naye, lakini mtu huyohuyo akumbuke kwamba hoja ya kuilinda lugha ya mama ndiyo anayoitumia anapotetea Kiswahili dhidi ya Kiingereza.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yaliishambulia Lubiri. Mutesa II, aliyekuwa Rais wa Uganda hadi miezi michache kabla, aliruka ukuta, akatoroka na hatimaye kufika London, alikofia mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote zilifutwa. Kasri likawa kambi ya jeshi, na lugha ya kambi, kwa urithi wa jeshi la kikoloni, ilikuwa Kiswahili.

Hapo ndipo penye mteremko ule. Chini yake kuna handaki la zege lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 liwe ghala la silaha, kisha utawala wa Amin ukalifanya jela. Ni ujia wenye giza, vyumba vikiwa upande mmoja juu ya sakafu iliyoinuliwa, na maji yakituama chini yake. Watembezaji wa wageni husimulia kwamba maji hayo yalitiwa umeme ili asiwepo wa kutoroka. Idadi ya waliofia humo hutajwa kwa maelfu. Ushahidi usio na ubishi ni ule ulio ukutani, alama za viganja na maandishi ya waliofungwa. Wageni wengi huingia wakizungumza na kutoka kimya.

Amin huyohuyo ndiye aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Msomi wa sera za lugha huisoma tarehe hiyo kama hatua ya maendeleo. Kwa mzee wa Mengo aliyewahi kuamrishwa kwa Kiswahili kizuizini barabarani, tarehe hiyo ina sauti nyingine. Ni wepesi mno kusema, kama isemwavyo mara kwa mara katika makongamano, kwamba Waganda wanakidharau Kiswahili. Dharau ni kitu kimoja, hofu ni kingine, na kila kimoja kinahitaji dawa yake. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Utekelezaji wake utategemea walimu watakaokifundisha kama kilivyofundishwa kwa Mutesa I, kitabu mkononi. Baadhi ya walimu hao huenda wakatoka vyuo vya Kenya.

Anayesalia na muda baada ya Mengo na asogee hadi Kasubi, wanakozikwa Makabaka wanne, akiwemo Mutesa II, ambaye mwili wake ulirejeshwa mwaka 1971. Nyumba kuu ya nyasi iliteketea tarehe 16 Machi 2010 na kujengwa upya kwa miaka mingi. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Huko viatu huvuliwa mlangoni, na wanawake hujifunga kitambaa kiunoni kabla ya kuketi.