Asili ya Paul Revere, Mfua Fedha

Jina la Paul Revere, mfua fedha wa Boston katika Marekani, lasikika kama la Kiingereza, lakini asili yake ni Ufaransa. Baba yake, Apollos Rivoire, alivuka bahari yapata mwaka 1716, naye mtoto wa miaka 13, kwa kuwa Waprotestanti waliteswa kwao. Akawa mwanagenzi wa fundi John Coney. Coney alipokufa mwaka 1722, muda wa kazi uliosalia wa kijana huyu, kama miaka mitatu na nusu, uliandikwa katika orodha ya mali ya marehemu pamoja na vyombo vya nyumba! Akaukomboa kwa pauni 40, akawa huru. Baadaye akajiita Paul Revere, jina jepesi kwa majirani. Alipofariki mwaka 1754, mwanawe Paul alikuwa na miaka 19 tu, lakini kazi aliijua. Akaiendesha pamoja na mama yake, Deborah.