Maji ya kisima kirefu: je, ni salama kwa mtoto wako?

Maji ya kisima kirefu huwa ya baridi na maangavu, hayana harufu wala takataka. Akina mama wengi huyaamini kuliko maji ya mto au ya bwawa, na kwa kiasi fulani wako sahihi. Lakini imani hiyo huwafanya wengine wampe mtoto maji hayo moja kwa moja bila kuyachemsha. Makala haya yanaeleza ni nini kinaishi katika maji ya chini ya ardhi, kipi kati ya hivyo humdhuru mtoto, na ufanye nini maji yakishafika nyumbani.

Je, kuna vijidudu chini sana ardhini?

Ndiyo, vipo. Zamani watu walidhani kwamba ukichimba chini sana huwezi kukuta kiumbe hai, kwa kuwa huko hakuna mwanga wala hewa. Lakini katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, watafiti walichukua maji kwenye nyufa za mwamba, kilomita 2.8 chini ya ardhi, wakakuta bakteria wanaishi humo. Bakteria hao hawahitaji jua wala oksijeni. Wanapata nguvu kutokana na kemikali zinazotokea pale mionzi ya madini ya urani mwambani inapoyapiga maji.

Virusi navyo vipo. Nchini Sweden, katika mahandaki ya utafiti ya Äspö, maji ya kina cha hadi mita 450 yalipimwa yakakutwa na virusi kuanzia laki moja hadi milioni kumi katika kila mililita. Kijiko kimoja cha chai hubeba mililita 5.

Usishtuke. Kila aina ya virusi ina viumbe wake inaowashambulia. Virusi wanavyovikuta watafiti kwenye maji ya kina kirefu namna hiyo huishi kwa kushambulia bakteria wa humo humo, si binadamu. Bakteria wenyewe nao wamezoea maisha ya mwambani, na tumbo la mtoto si makazi yao. Hata udongo wa shambani na maji ya bahari yamejaa virusi vya namna hiyo, na watoto huchezea huko kila siku.

Basi vinavyomuumiza mtoto hutoka wapi?

Vijidudu vingi vinavyoletwa na maji na kumharisha mtoto hutoka juu, kwenye kinyesi cha watu na wanyama. Humo ndimo hutoka kipindupindu, homa ya matumbo, virusi vya rota na homa ya ini aina ya A. Ndiyo maana wapimaji wa maji hutafuta bakteria anayeitwa E. koli, ambaye makazi yake ni utumbo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka asionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Akionekana, ujue kinyesi kimeyafikia maji hayo.

Udongo hufanya kazi kama chujio. Maji ya mvua yanapopenya polepole kwenda chini, vijidudu vingi hunaswa au hufa njiani. Kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo maji yanavyozidi kuwa salama, na hiyo ndiyo faida ya kisima kirefu. Hata hivyo, virusi ni vidogo mno. Urefu wa E. koli ni karibu mara 30 ya upana wa kirusi cha rota. Kwa hiyo palipo na mchanga mkubwa au mwamba wenye nyufa, virusi vinaweza kupenya mahali ambapo bakteria wamenaswa.

Uchafu huingia kwa njia tatu

*Kisimani penyewe.* Sakafu ya saruji ikipasuka, au mdomo wa kisima ukiwa haujazibwa vizuri, maji machafu hushuka pembeni mwa bomba hadi chini bila kuchujwa na udongo. Choo kikiwa karibu, hatari huongezeka. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani.

*Wakati wa mvua kubwa.* Mwezi Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kilicholisha mabomba ya mji. Kisima hicho hakikuwa kirefu, na maji hayakuwekwa klorini ipasavyo. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,300 waliugua. Ikiwa hayo yalitokea kwenye mji wenye mabomba, kisima cha mtaani kwenu kinahitaji uangalifu zaidi baada ya mvua au mafuriko.

*Njiani na nyumbani.* Maji yanaweza kutoka salama kwenye pampu, kisha yakachafuka ndani ya dumu lenye utando, kwa kikombe kinachochovywa ndooni, au kwa mikono iliyotoka kumsafisha mtoto aliyejisaidia. Njia hii iko mikononi mwako kila siku.

Ufanye nini?

- Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote kabisa. Kutokota huua bakteria na virusi pia. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, ndani ya chombo kile kile.
- Kama kuni, mkaa au gesi ni shida, tumia dawa ya klorini ya maji ya kunywa. Fuata kipimo kilichoandikwa na subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi.
- Hifadhi maji kwenye chombo chenye mfuniko, na ikiwezekana chenye koki. Kama hakina koki, tumia kata yenye mpini mrefu, na isitumike kwa kazi nyingine.
- Osha dumu kwa sabuni mara kwa mara, ndani na mdomoni.
- Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika au kulisha.
- Mtoto aliye chini ya miezi sita mpe maziwa ya mama peke yake. Hahitaji maji, hata wakati wa joto.
- Mpeleke kliniki apate chanjo ya rota kwa wakati. Tanzania ilianza kuitoa kwa watoto wote mwaka 2013, na Kenya mwaka 2014.

Jambo moja zaidi: kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi madini. Katika maeneo ya Bonde la Ufa, kama Arusha na Nakuru, baadhi ya visima vina floridi nyingi inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na, ikizidi sana, huharibu mifupa. Ukiona meno ya watoto wengi mtaani yako hivyo, waombeni kamati ya maji au ofisi ya maji ya wilaya wapime kisima chenu.

Mtoto akiharisha

Anza mara moja kumpa ORS iliyochanganywa na maji salama, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Uliza kituo cha afya kuhusu vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14.

Mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya:

- macho au utosi umebonyea;
- anatapika kila anachokunywa, au hawezi kunywa wala kunyonya;
- kuna damu kwenye kinyesi;
- amelegea, au analala kuliko kawaida na ni vigumu kumwamsha;
- hakojoi, au anakojoa kidogo sana.

Kisima kirefu ni msaada mkubwa kwa familia, kwa hiyo usikiache ukarudi mtoni. Endelea kuchota hapo, chemsha, funika, na mtoto anywe.