Kwa Nini Huyu na Si Pacha Wake?

Barua ilitoka Bukima, Majita, mkoani Mara, imeandikwa kwa kalamu ya bluu pande zote mbili za karatasi ya daftari. Aliyeiandika ni shangazi wa mtoto wa miaka sita aliyevimba taya mwaka jana. Mwanzo walidhani ni jino, maana magego yalikuwa yamelegea na mtoto hakutaka hata kugusa ugali. Uvimbe ukaongezeka kila kukicha, hadi jicho la upande ule likaanza kusukumwa nje. Walipita kwa mganga, wakapita kwa mchungaji, mwishowe wakafika hospitali ya Bugando, Mwanza, wakaambiwa ni limfoma ya Burkitt, aina ya saratani. Mtoto akachomwa dawa, uvimbe ukanywea ndani ya siku chache, na sasa anakimbia na wenzake. Familia imetoa shukrani kanisani.

Nilidhani barua ingeishia hapo. "Mtoto amepona," anaendelea shangazi, "lakini kikao cha ukoo hakijafungwa. Yeye ana pacha. Wanalala chandarua kimoja, wanakula sahani moja. Kwa nini huyu na si yule? Wapo wanaosema ni mkono wa mtu, na kuna bibi jirani ameshaanza kunyooshewa kidole."

Sitaeleza hapa saratani ni nini. Hilo limeandikwa vya kutosha. Swali la shangazi ndilo lililoninyima usingizi. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alichapisha kitabu kuhusu Wazande wa Sudan na Kongo, na ndani yake mna mfano wa kihenge cha nafaka kilichoanguka na kuumiza watu waliojipumzisha kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba nguzo ziligugunwa na mchwa. Walijua pia kwamba watu walikaa pale kukimbia jua. Walichouliza ni kwa nini kihenge kianguke saa ileile, juu ya watu walewale. Familia ya Bukima iko papo hapo. Haigombani na daktari wa Bugando. Jina la ugonjwa wamelipokea, dawa wameipokea, na swali lao bado limesimama wima. Daktari akijibu "ni bahati mbaya", wao husikia "sijui".

Kikao chenyewe wala si ushamba, kama wengine wanavyodhani. John Janzen, aliyefanya utafiti Kongo ya Chini na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alionyesha kuwa mgonjwa wa kwetu hatafuti tiba peke yake: ndugu hukaa, hupima, huamua aende wapi na nani atoe nauli. Wakwaya, majirani wa watu wa Majita, ambao padre na mwanaanthropolojia Hugo Huber aliandika kitabu kuwahusu mwaka 1973, hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo neno la mjomba huwa na uzito wake. Kutoka Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200. Bila kikao, mtoto yule asingefika.

Wala dini haikusimama upande mmoja na sayansi upande wa pili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa Mkristo wa sala nyingi, na jicho lake moja alilipoteza utotoni. Mwaka 1957 pale hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wenzake walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakasafiri takriban kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika, wakisimama kwenye hospitali, nyingi za misheni, na kuonyesha picha: mmewahi kuona mtoto kama huyu? Ramani iliyotokana na safari ile ilifuata joto na mvua. Palipo baridi hapakuwa na ugonjwa. Mkoani Mara ramani hiyo iliangukia kandokando ya ziwa, na huko Shirati, Rorya, wamisionari Wamennonite walikuwa wamefungua misheni yao tangu 1934. Hospitali ya misheni hiyo ikaja kuwa moja ya vituo vikuu vya utafiti wa ugonjwa huu Afrika Mashariki. London nako, mtafiti Anthony Epstein, aliyekuwa amemsikiliza Burkitt akihutubia mwaka 1961, akaomba vipande vya uvimbe vitumwe kutoka Kampala kwa ndege, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kuwa wameona kirusi ndani yake.

Kirusi hicho, cha Epstein-Barr, kinakaa kimya ndani ya karibu kila mtu mzima anayesoma makala haya. Malaria nayo si ngeni Bukima. Basi vyote viwili viko kwa kila mtoto, na ugonjwa unampata mmoja kati ya maelfu mengi. Tumerudi kwa shangazi: kwa nini huyu?

Hapa ndipo ninapopapenda. Ndani ya tezi zetu, zile zinazovimba shingoni mtoto akiwa na homa, kuna seli za kinga ziitwazo seli B. Kazi yake ni kutengeneza kingamwili, protini zinazomnasa mdudu wa ugonjwa. Lakini wadudu hawana umbo moja, na jeni tulizorithi kwa baba na mama hazitoshi kumwandalia kila mdudu mtego wake. Kwa hiyo seli B hufanya jambo ambalo karibu seli nyingine zote za mwili zimekatazwa: hushika kisu, zikakata jeni zake zenyewe, kisha zikaziunga upya.

Nenda mwalo wowote wa Majita siku za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti dagaa. Utawakuta wamekaa mchangani, wavu umetandazwa mapajani. Mmoja ameunasa kwa kidole gumba cha mguu ili ukazike. Mkononi ana sindano ya plastiki iliyozungushiwa uzi, na pembeni ya goti kisu kidogo kilicholika. Anakata macho yaliyochanika, anafunga mapya, anavuta kupima, anakata tena. Akimaliza, wavu umekuwa mwingine. Ndivyo seli B inavyoufanyia kazi wavu wake wa kingamwili, na kisu chake ni kimeng'enya kiitwacho AID, kilichogunduliwa Kyoto, Japani, mwaka 1999 na timu ya Tasuku Honjo.

Sasa mfikirie mvuvi ambaye wavu wake unachanika kila siku, mwezi uwepo usiwepo. Malaria ndivyo inavyomfanyia mtoto wa ziwani. Leo anaumwa, mwezi ujao tena, na kila mara vimelea vimekuja na sura nyingine, tezi zinaagizwa kutengeneza wavu mpya. Kisu hakirudi kwenye ala. Usiku mmoja mkono unateleza. Pamoja na uzi wa wavu unakatwa waya wa moto wa injini uliokuwa umelala pembeni, na katika haraka ya kuunga, ncha ya waya inafungwa kwenye wavu. Hakuna anayeona. Tangu hapo, wavu ukivutwa injini inaongezwa moto. Na ndani ya seli B wavu huvutwa usiku na mchana, maana kutengeneza kingamwili ndiyo kazi yake. Injini hiyo ni jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli igawanyike. Makao yake ni kromosomu ya 8, na wavu, yaani jeni ya kingamwili, mara nyingi ni ule wa kromosomu ya 14. Vikishafungwa pamoja, uvimbe unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili.

Mtumbwi uliofungwa vibaya namna hiyo kwa kawaida haufiki mbali. Seli iliyoharibika kiasi hicho hupewa amri ya kujiua, na hutii. Kirusi cha Epstein-Barr huiziba seli masikio isisikie amri. Malaria huchosha mkono, kirusi humficha aliyekosea, na katikati yake kisu kimoja kimeteleza ndani ya seli moja kati ya mamilioni. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwaambukiza malaria ya kudumu panya waliopunguziwa kinga dhidi ya saratani, na limfoma zilizotokea zilikuwa na alama za kisu cha AID.

Tukio hilo la waya kufungwa kwenye wavu tuliiteje? Nimeona mahali limeandikwa "uhamisho wa kromosomu". Silipendi. Uhamisho ni wa mwalimu anayetolewa Butiama kwenda Bunda: ana barua, ana aliyetia sahihi, na huko aendako anasubiriwa. Neno hilo linatia ndani yake mtu aliyeamua, na ndiye hasa ambaye kikao cha Bukima kinamtafuta. "Mbadilishano" ni afadhali, kwa kuwa kweli vipande viwili hubadilishana mahali, ila lina harufu ya soko, la watu wawili waliokubaliana bei. Mimi nasema mshono kombo. Mshono, kwa sababu kuna kukata na kuunga. Kombo, kwa sababu umekwenda upande. Fundi cherehani ataelewa, mvuvi ataelewa, na muuguzi akiwaambia wazazi "ni mshono kombo ndani ya seli" hakuna atakayeuliza ni nani aliyetoa amri.

Mara yenyewe ilishajaribu kukizuia kisu. Kati ya 1977 na 1982, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, likishirikiana na Dkt. Glen Brubaker wa Shirati, liligawa vidonge vya klorokwini kwa watoto wa chini ya miaka 10 Mara Kaskazini. Malaria ilipungua, na limfoma ikapungua, ingawa ilikuwa imeanza kushuka kabla ya vidonge. Vimelea vilipoizoea dawa malaria ikapanda tena, na baadaye limfoma nayo ikapanda. Kwangu mimi hiyo inatosha kumfanya kila mzazi wa ziwani akichomeke chandarua vizuri chini ya godoro.

Shangazi, jibu langu kwa kikao ni hili. Pacha ana kirusi kilekile, amepigwa na malaria ileile, na tezi zake zimekata na kuunga mara nyingi sawasawa na za ndugu yake. Kwa yule aliyeumwa, mshono mmoja ulikwenda kombo, ndani ya tezi, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, wa bibi jirani wala wa mwingine yeyote. Mwambie mjomba nimeandika hivyo, na kama kikao kitanihitaji nitapanda basi nije nieleze mwenyewe.

Nikija nitabeba picha moja. Wanapatholojia wakiweka kipande cha uvimbe huu chini ya hadubini huona uwanja mweusi wa seli zilizobanana, na ndani yake madoa meupe yaliyotawanyika. Wao huita mandhari hiyo anga yenye nyota. Mtu wa Bukima ataona taa za dagaa ziwani usiku wa giza. Kila taa ni seli ya usafi iliyokuja kumeza seli za saratani zilizokufa, maana saratani hii inavyokimbilia kuzaana ndivyo inavyokufa kwa wingi, na dawa huikamata katika mbio hizohizo. Ndiyo maana taya la mtoto wenu lilinywea kabla ya wiki kwisha.