Charleston: Uliza Nani Aliyejenga

Ukijaliwa kufika Charleston, mji wa kale wa jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, uzunguke kwa miguu, na umchague kwa uangalifu mtu wa kukutembeza. Wapo watakaokuonyesha majumba ya mabwanyenye, maua na malango ya chuma, basi. Majumba ni mazuri kweli. Lakini uliza ni nani aliyeyajenga.

Anayeijua kazi yake atakusogeza ukutani uone alama za vidole katika matofali: vidole vya watumwa, vingine vya watoto, waliyoyashika yangali mabichi. Kisha mtapita Chalmers Street, juu ya mawe yanayotesa nyayo (vaa viatu imara), hadi penye mnada wa watu. Mwaka 1856 mji ulikataza kuuza watumwa hadharani barabarani. Si kwa huruma. Biashara iliingizwa ndani tu, na mwaka 1859 ukumbi huu ukajengwa. Leo ni makumbusho. Aliyepata kusimama Mkunazini, Unguja, ataufahamu ukimya wake.

Baraza la mji liliomba radhi mwaka 2018, kwa kura saba dhidi ya tano.